Altrasaundi ya titi ikiacha swali: namna ya kuitumia MRI, hatua kwa hatua

Swali la kwanza halihusu MRI, yaani picha za mashine ya sumaku, hata kidogo. Ni hili: sindano inafika? Kinundu kikionekana vizuri kwenye altrasaundi na sura yake ikatia shaka, kinachotakiwa ni biopsi, yaani kutoa kipande cha tishu kikapimwe maabara: ganzi kidogo na sindano ya geji 14. MRI haitoi jina la ugonjwa, inatoa picha nyingine. Picha hiyo ikisema "huenda si kitu", kinundu cha BI-RADS 4 (daraja la kutia shaka katika mpangilio wa ripoti za titi) bado kitachomwa sindano. Ikisema "huenda ni kitu", kitachomwa vilevile. Mgonjwa atakuwa amezungushwa wiki kadhaa na kurudi palepale alipoanzia.

Kwa hiyo yanayofuata ni ya yale maswali machache ambayo sindano haiwezi kuyajibu, ama kwa sababu haijulikani ichomwe wapi, ama kwa sababu vipimo viwili vinapingana. Yameandikwa kwa daktari anayejaza ombi, kwa mtaalamu anayepiga picha na kwa anayezisoma. Mwanamke mwenye ripoti mkononi naye ataona kwa nini anaambiwa arudi siku fulani na si siku nyingine.

Maliza altrasaundi kwanza

Mengi yanayoandikwa kuwa "hayaeleweki" huisha palepale kitandani, probu ikishikwa vizuri.

Chukua kivuli cheusi kisicho na kinundu. Mara nyingi ni nyuzi zinazoshikilia titi, zile ligamenti za Cooper, zilizopigwa na mawimbi kwa pembe mbaya. Kandamiza probu polepole, kisha iinamishe upande huu na upande ule. Kivuli kinachoyeyuka ukikandamiza kwa kawaida ni cha nyuzi. Kinachobaki kwa kila pembe ndicho cha kushughulikia.

Tonge la mafuta nalo hujifanya kinundu. Zungusha probu nyuzi 90: tonge litarefuka na kuungana na mafuta ya jirani, kinundu cha kweli kitabaki kinundu. Kifuko cha maji chenye uchafu ndani kitazame mgonjwa akiwa chali, kisha akiwa ubavu. Uchafu ukitembea, ni kifuko. Usipotembea, vuta kwa sindano. Kikinywea chote na maji yasiwe ya damu, swali limekwisha bila sumaku yoyote.

Halafu kuna kosa la kudhani kwamba kinundu cha altrasaundi ndicho kile cha mamografia (eksirei ya titi). Linganisha ukubwa, kina na kilichokizunguka: mafuta au tezi? Ukibaki na shaka, bandika alama ya metali kwenye ngozi juu ya kinundu cha altrasaundi na upige mamografia tena. Mwanamke aliyefika miaka 40 asipelekwe MRI kabla ya mamografia, maana chembe za kalsiamu zinazoonekana huko MRI haizioni.

Maswali ambayo MRI inayaweza

La kwanza ni kovu. Mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa saratani huwa na eneo jeusi, lenye kivuli na kingo mbovu, na altrasaundi haiwezi kusema ni kovu au ugonjwa uliorudi. Kovu lililokomaa halina damu nyingi, kwa hiyo halinyonyi dawa ya kontrasti, ile inayochomwa mshipani ili kung'arisha picha. Uvimbe uliorudi hung'aa. Lakini kovu bichi nalo hung'aa: subiri walau miezi 6 baada ya upasuaji, na kama kulikuwa na tiba ya mionzi, majibu huaminika zaidi baada ya mwaka.

La pili ni chuchu inayotoa damu au maji maangavu yenyewe, kutoka tundu moja, huku mamografia na altrasaundi zikiwa safi. La tatu ni tezi ya kwapa iliyothibitishwa kuwa na saratani ya titi wakati titi lenyewe halionyeshi chochote. Hapa MRI ina thamani kubwa kuliko popote. La nne ni tishu iliyovutwa, inayoonekana kwenye pembe moja tu ya mamografia na altrasaundi haiipati, hata baada ya picha za nyongeza. La tano ni wingi: vinundu vitano, sita, vyote vya wastani, na hujui kipi kianze. La sita ni saratani iliyokwisha kuthibitishwa, hasa ya lobuli (vifuko vya kutengeneza maziwa), ambayo altrasaundi huipunguza ukubwa.

Titi la silikoni linalodhaniwa kupasuka ni habari nyingine. Hilo halihitaji dawa ya mshipani, linahitaji mfuatano wa picha unaotenga silikoni na maji na mafuta. Liandike waziwazi kwenye ombi, vinginevyo utafanyiwa kipimo kisichojibu swali lako.

Ambapo MRI haisaidii: maumivu matupu, chembe za kalsiamu za kutia shaka (zinachomwa sindano, hata MRI ikiwa safi) na titi lenye jipu au uvimbe wa moto, kwa sababu kila kitu kitang'aa. Tibu kwanza. Titi lililobaki jekundu na zito baada ya antibiotiki ya wiki moja au mbili lichukuliwe biopsi, ngozi ikiwemo.

Ombi

Ombi lenye maneno "MRI ya matiti, kinundu" ni mzigo kwa msomaji. Lifaalo linasomeka hivi: titi la kulia, saa 10 (namba 10 kwenye uso wa saa), sentimita 4 kutoka kwenye chuchu, kina cha milimita 12, eneo la milimita 9 lenye kivuli, BI-RADS 4A, sindano ilishindikana kwa sababu halionekani kwenye pembe ya pili, swali: je, kuna kinachong'aa hapo? Ongeza tarehe ya hedhi ya mwisho, upasuaji na mionzi (mwaka na upande), biopsi zote na majibu yake, homoni anazotumia, na ndugu wa damu waliougua saratani ya titi au ya ovari. Picha za zamani ziende naye. Ripoti peke yake haitoshi.

Ukijikuta huwezi kuandika swali, huenda MRI haihitajiki.

Kuchagua siku na kumwandaa mgonjwa

Tishu ya kawaida ya titi hunyonya dawa kufuata homoni. Katika nusu ya pili ya mzunguko hung'aa zaidi, na kinundu kidogo hupotea humo kama nyota mchana. Siku nzuri ni ya 7 hadi ya 14, ukihesabu siku ya kwanza ya hedhi kuwa ya 1. Aliyekoma hedhi aje siku yoyote. Saratani ikiwa imethibitishwa, usimcheleweshe mtu kwa ajili ya kalenda. Piga, kisha andika siku ya mzunguko kwenye ripoti.

Usalama wa sumaku ni kazi ya maswali, na maswali yaulizwe mara mbili na watu wawili: kisaidia moyo, klipu za mishipa ya ubongo, kifaa cha sikio la ndani, vipande vya chuma jichoni kwa waliofanya kazi ya kuchomelea. Kwa wagonjwa wa titi ongeza moja linalosahaulika: kipanuzi cha muda kilichowekwa baada ya titi kukatwa. Vingi vina kilango chenye sumaku, na haviingii chumbani. Plasta za dawa zenye utando wa metali zibanduliwe, zinaunguza.

Figo: kwa mwenye ugonjwa wa figo pima kreatinini. eGFR (kasi ya figo kuchuja damu) ikiwa chini ya 30, zungumza na daktari wa figo na utumie dawa ya kundi salama zaidi, kama gadoterati, gadobutroli au gadoteridoli. Mjamzito hapewi gadoliniamu (metali iliyo ndani ya dawa hizo), na bila hiyo MRI ya kutafuta saratani haina maana kubwa. Anayenyonyesha hana haja ya kuacha: kinachoingia kwenye maziwa ni chini ya asilimia 0.04 ya dozi. Anyonyeshe au akamue dakika chache kabla ya kupanda mezani, titi liwe jepesi.

Mweleze mapema: atalala kifudifudi dakika 20 hadi 30, kelele ni kubwa, dawa itapita baridi mkononi, na akikohoa katikati ya picha za dawa kazi yote inaweza kuharibika. Anayejua wakati wa kutulia hutulia vizuri zaidi kuliko aliyeambiwa tu "usitikisike".

Mezani

Kanula iwekwe kabla hajalala, geji 20 au 22, na ijaribiwe kwa maji ya chumvi. Koili, kifaa kinachopokea mawimbi ya picha, ni ile maalumu ya matiti. Ya mwili au ya kifua haifai.

Sasa matiti. Huu ndio wakati ambao wengi hukimbia, nao ndio huamua ubora. Kila titi lining'inie katikati ya tundu lake, chuchu ikiangalia chini moja kwa moja, ngozi isikunjwe pembeni wala chini ya kifua. Ingiza mkono uvute tishu ya upande wa kwapa iingie tunduni. Kandamiza kidogo tu, kiasi cha kuzuia mtikisiko; ukibana sana damu haifiki na saratani haitang'aa. Weka mto chini ya vifundo vya miguu na kitambaa laini kwenye mfupa wa kifua, kwani maumivu ya hapo ndiyo yanayomfanya mgonjwa ajisogeze dakika ya 15.

Dozi ni milimoli 0.1 kwa kilo. Mwanamke wa kilo 68 anahitaji milimoli 6.8. Dawa nyingi zina milimoli 0.5 kwa mililita, hivyo atapewa mililita 13.6. Gadobutroli ina milimoli 1 kwa mililita, hivyo mililita 6.8 tu, anayetumia hesabu ya dawa nyingine atampa dozi maradufu. Pampu iende mililita 2 kwa sekunde, na isukumwe na mililita 20 za maji ya chumvi.

Mpangilio wa picha (T1 na T2 ni aina mbili za picha za MRI): T2 kwanza, kwa ajili ya maji; T1 bila kuzima mafuta, kwa ajili ya mafuta na klipu (alama ndogo ya metali inayoachwa baada ya biopsi); picha za mtawanyo wa maji; kisha T1 moja kabla ya dawa na nne au tano baada yake, kila moja isizidi sekunde 120, bora 60 hadi 90. Unene wa kipande usizidi milimita 3. Kwenye picha za mlalo, mwelekeo wa fezi (ule ambao mitikisiko huenea kwenye picha) uwe kulia kwenda kushoto, la sivyo mapigo ya moyo yatachora mistari juu ya titi la kushoto.

Kabla hajashuka, tazama moyo na mishipa iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Iking'aa, dawa imeingia. Isipong'aa, angalia mkono. Dawa imevuja chini ya ngozi, na picha "safi" unayoitazama haina thamani yoyote. Ripoti za uongo za namna hii zipo, na zinatolewa kwa nia njema kabisa.

Kusoma

Usianzie kwenye picha za kutoa, yaani za baada ya dawa zikiondolewa za kabla, zile zinazobakiza kinachong'aa tu. Zinavutia, lakini mgonjwa akisogea milimita moja zinazaa ving'ao vya bandia kwenye kingo, upande mmoja mweupe na wa pili mweusi. Kila king'ao kithibitishe kwenye picha halisi za kabla na baada. Kifuko chenye protini huwa cheupe tangu kabla ya dawa. Hicho hakijang'aa, kilikuwa hivyo.

Andika kiwango cha mng'ao wa tishu ya kawaida: kidogo sana, kidogo, wastani au mwingi. Ukiwa mwingi, sema kwamba vinundu vidogo vinaweza kufichika.

Kisha nenda mahali palipotajwa kwenye ombi. Kama kuna kinundu, sura na kingo ndizo zinazobeba uzito. Miiba kuzunguka kinundu au mng'ao wa pete nene ni dalili mbaya. Umbo la yai lenye kingo laini na mistari myeusi ndani isiyong'aa huelekea fibroadenoma, uvimbe usio saratani. Kama hakuna kinundu bali eneo linalong'aa, tazama limepangwaje: mstari unaofuata mrija au kipande kinachoelekea chuchu, chenye chembechembe zilizoshikana, hutia shaka ya saratani iliyo bado ndani ya mirija.

Mchoro wa kasi ya dawa huja baada ya hapo, usiutangulize. Weka duara dogo la kupimia, angalau pikseli 3, kwenye sehemu inayong'aa zaidi. Katika dakika mbili za kwanza kupanda kwa zaidi ya asilimia 100 ni haraka. Baada ya hapo, ukiendelea kupanda kwa zaidi ya asilimia 10 ni aina ya 1, ukitulia ni ya 2, ukishuka kwa zaidi ya asilimia 10 ni ya 3. Aina ya 3 hutia shaka zaidi, ila tezi ya limfu ndani ya titi huwa nayo pia, na ni ya kawaida kabisa: tafuta umbo la figo na mafuta katikati. Kinyume chake, saratani ya kamasi hupanda polepole na kung'aa sana kwenye T2, kama fibroadenoma. Sura mbaya yenye mchoro mzuri bado ni sura mbaya.

T1 bila kuzima mafuta huokoa watu wengi na sindano. Pete inayong'aa yenye mafuta katikati, kwa mwenye historia ya upasuaji au kugongwa, ni mafuta yaliyokufa. Kwenye mtawanyo, ADC (kipimo cha jinsi maji yanavyotawanyika) ya zaidi ya 1.7 × 10⁻³ mm²/s hutuliza. Chini ya 1.3 huongeza shaka. Wanaopenda hesabu iliyopangika hutumia alama za Kaiser, kutoka 1 hadi 11, ambapo zaidi ya 4 ni biopsi.

Maliza kwa titi la pili, makwapa, tezi za nyuma ya mfupa wa kifua, na sehemu ya ini inayoonekana.

Kurudi kwenye altrasaundi

MRI ikionyesha kitu kipya cha kutia shaka, altrasaundi ya mara ya pili hufanywa na mtu mwenye picha za MRI mbele yake. Kiasi cha nusu ya vitu hivyo, au zaidi kidogo, hupatikana. Vinundu kuliko maeneo yasiyo na umbo.

Ugumu ni kwamba mgonjwa amegeuka. Kwenye MRI titi lilining'inia. Sasa amelala chali na titi limetandazika. Tuseme kinundu cha milimita 8 kilikuwa saa 2, sentimita 6 kutoka kwenye chuchu na sentimita 4 kutoka kwenye ngozi. Ukikitafuta kwenye kina cha sentimita 4 utakuwa ndani ya misuli ya kifua. Kina kimepungua, na kinundu kinaweza kuhama sentimita kadhaa. Visivyobadilika sana ni saa, umbali kutoka kwenye chuchu na majirani: kiko kwenye mpaka wa tezi na mafuta, au katikati ya tezi? Kuna kifuko cha maji karibu? Tafuta kifuko hicho kwanza, kisha tembea kutoka hapo. Tarajia kitu hafifu: kijieneo cheusi kidogo ambacho ulikipita mara ya kwanza kwa sababu hakikustahili kutazamwa.

Ukikipata, choma, acha klipu, kisha piga MRI fupi ya T1 bila dawa. Klipu huonekana kama tundu jeusi. Ikiwa sentimita 3 mbali na pale kilipong'aa, umechoma kitu kingine, na jibu la maabara la "hakuna saratani" ni la hicho kingine.

Usipokipata, shaka haijaondoka. Kinachofuata ni biopsi inayoongozwa na MRI, kwa sindano ya kuvuta ya geji 9 au karibu na hapo. Kituo kisichoweza kuifanya kiwe kimejua mapema mgonjwa atapelekwa wapi.

Siku ya biopsi hiyo hutokea kwamba kinundu hakionekani tena. Legeza mbano wa titi, hakikisha dawa imeingia, piga picha za dakika za baadaye. Kikibaki kimetoweka, sitisha na urudie MRI ndani ya miezi 6. Vingi vilikuwa mng'ao wa homoni, si vyote.

MRI ikitoka safi

Inategemea ulikotoka. Kovu lisilong'aa, kwenye picha nzuri, hurudi kwenye ufuatiliaji wa kawaida. Tishu iliyovutwa kwenye pembe moja ya mamografia, MRI ikiwa safi, huangaliwa tena baada ya miezi 6. Kilichokuwa BI-RADS 3 (huenda si saratani) kwenye altrasaundi huendelea na ratiba yake ya miezi 6, 12 na 24. Kilichokuwa 4 au 5 kwenye altrasaundi au mamografia bado kinachomwa sindano: saratani za daraja la chini zilizo ndani ya mirija, na baadhi ya saratani za lobuli, hung'aa kidogo au hazing'ai kabisa. Mwanamke huyo asiondoke na karatasi inayosema "MRI ya kawaida" bila mstari wa pili unaotaja tarehe ya biopsi.